Maziwa kiasi gani? Iulize nepi, usimuulize jirani

Kwanza niwaombe radhi wale mliokuwa mkisubiri sehemu ya pili ya kisa cha mchumba anayekopa. Kisa kipo, na yule bwana wala hajalipa bado. Lakini wiki hii nimepata barua ya dada mmoja wa Temeke, nikaona mchumba na madeni yake wakae benchi kwanza.

Huyu dada ana miaka 21, mtoto wake wa kwanza ana miezi miwili na nusu. Anauliza: "Mtoto wangu anatakiwa anywe mililita ngapi kwa siku? Nikishamnyonyesha, baada ya nusu saa analia tena. Wifi yangu amekamua kidogo kwenye kikombe, akayaangalia, akasema maziwa yangu mepesi kama maji ya mchele, nimwanzishie ya ng'ombe au nimnunulie ya kopo. Mume wangu hasemi kitu, ila naona anamwamini dada yake. Nifanyeje?"

Akina kaka, msigeuze ukurasa. Hii habari ni yenu pia, na mkifika kwenye hesabu ya kopo mtajua kwa nini.

Mimi si daktari, tena Baiolojia ya kidato cha nne nilipata D, na ile D yenyewe nadhani msahihishaji alinionea huruma. Haya ninayoandika nimeyapata kwa manesi na kwenye maelekezo ya Shirika la Afya Duniani. Na kuna jingine nililipata kwa kosa langu mwenyewe, ambalo sijawahi kuliandika hapa. Nitalifikia.

Tuanze na mililita, maana ndizo zilizoulizwa. Titi halina mistari kama chupa. Huwezi kulitazama ukasema leo tumefika 90. Ndiyo maana mama anayenyonyesha anabaki na wasiwasi, na kwenye ule wasiwasi ndipo mawifi na majirani wanapoingilia. Lakini wataalamu wamepima, watoto wakawekwa kwenye mizani kabla na baada ya kunyonya, kwa hiyo namba zipo.

Siku ya kwanza mtoto anapata yale maziwa ya njano, mazito, ambayo wengine wanayaita dang'a. Ya siku nzima ukiyakusanya ni kama vijiko viwili vitatu vya chakula basi. Kila akinyonya anapata kijiko kimoja cha chai hivi, mililita 5. Kidogo eeh? Lakini na tumbo lake ni dogo, na yale maziwa yamejaa kinga. Kuna bibi zetu waliokuwa wanayakamua na kuyamwaga eti machafu, na hadi leo wapo wanaofanya hivyo. Jamani!

Siku ya tatu au ya nne maziwa yanashuka, kifua kinakuwa kizito hadi unashindwa kulala kifudifudi. Kufikia mwisho wa mwezi wa kwanza mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu anapata wastani wa mililita 750 kwa siku. Chukua chupa ndogo ya maji ya dukani, ile ya nusu lita, ongeza nusu yake, umefika. Na sasa sikiliza jambo lililonishangaza mimi: kiasi hicho hakipandi sana mpaka anafikisha miezi sita. Wa mwezi mmoja na wa miezi mitano wanakaribiana, kwa sababu kadiri mtoto anavyokua ndivyo kasi yake ya kuongezeka uzito inavyopungua. Wapo wanaotosheka na mililita 500, wapo wanaovuka lita nzima, na wote wazima. Kwa hiyo mtoto wa shoga yako asiwe rula ya kumpimia wa kwako.

Basi utajuaje kama anapata? Iulize nepi. Kuanzia siku ya tano hivi, mtoto anayeshiba analowesha nepi sita au zaidi kwa saa 24, na mkojo wake haukolei rangi. Nyie wa pampasi mna tabu kidogo maana zinameza kila kitu kimya kimya. Siku moja rudini kwenye nepi za kitambaa mhesabu. Shahidi wa pili ni mizani ya kliniki. Siku za mwanzo mtoto hupungua uzito kidogo, msishtuke, lakini ikipita asilimia 10 hiyo si ya kusubiri. Akifika wiki mbili hivi awe amerudi kwenye uzito aliozaliwa nao. Halafu miezi mitatu ya mwanzo anaongeza kama gramu 150 hadi 200 kila wiki, kwenye miezi mitano au sita uzito wa kuzaliwa unakuwa umejirudia mara mbili, na siku ya kukata keki ya mwaka mmoja, mara tatu. Mstari kwenye kadi ukipanda, wifi anyamaze.

Kuhusu wepesi. Maziwa ya mama yanayotangulia kutoka huwa mepesi, mengine yana rangi ya bluu kwa mbali. Yanayofuata titi likikaribia kuisha ndiyo yenye mafuta mengi. Wifi alikamua yale ya mwanzo akayatolea hukumu! Mwache mtoto amalize titi moja mwenyewe kabla hujampa la pili.

Na kilio? Mtoto mwenye njaa huanza kwa kugeuza kichwa akitafuta, anafungua mdomo, anakula ngumi. Kulia ni mwisho wa safari, uvumilivu umemwisha. Lakini pia analia kwa joto, kwa kutaka kubebwa, kwa kutobeua, kwa usingizi. Karibu na wiki ya sita ndipo watoto wengi hulia kuliko wakati wowote, hasa jioni, halafu inapungua yenyewe. Wa miezi ya mwanzo kunyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa siku ni kawaida kabisa, na kuna siku atang'ang'ania titi kutwa nzima kama vile ulimfungia chakula. Muweke tu. Titi linaloondolewa maziwa mara nyingi ndilo linalotengeneza mengi. Uji wa pilipili manga, mtori, supu ya kuku, vyote vizuri kwa mama mwenyewe, sivikatai (mtori siukatai hata mimi nisiye na mtoto), ila kinachoita maziwa ni mtoto kunyonya.

Sasa ya kopo, na hapa ndipo nilipoharibu mimi.

Mwaka 2019 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko kwa dada yangu Manzese, nakula nalala, nasubiri matokeo. Dada alijifungua mwezi wa tatu, mtoto wa kike. Alikuwa anauza duka la vitambaa Kariakoo na mwenye duka alimpa miezi miwili tu ya kukaa na mtoto, tena kwa kubembelezwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema siku 84 zenye malipo, na kwamba mama anayenyonyesha apewe hadi saa mbili kwa siku kati ya saa za kazi amnyonyeshe mtoto wake. Sisi hatukuijua hiyo sheria. Hata tungeijua, sidhani kama dada angeifungua kinywani mbele ya yule bosi.

Basi dada akarudi kazini. Anatoka saa moja asubuhi, anarudi saa moja usiku. Mimi mama mdogo nikakabidhiwa mtoto, chupa mbili na kopo. Usiku na alfajiri dada ananyonyesha, mchana mimi nampa ya kopo, chupa nne za mililita 120.

Kopo la kwanza lilikwisha haraka, shemeji akaguna. La pili likakwisha, akauliza kama na mimi nakunywa chai nayo. Alisema kwa utani, lakini mimi nakaa kwa watu, utani wa namna hiyo unauelewa. Nikaanza kubana. Kopo liliandikwa kijiko kimoja cha ndani ya kopo kwa mililita 30 za maji, maana yake chupa ya 120 ni vijiko vinne. Nikaweka vitatu. Mtoto akanywa, akalala. Wiki iliyofuata nikaweka viwili. Akanywa. Kichwani kwangu nilikuwa naona kama juisi ya kuchanganya na maji, ikiwa nyepesi si bado ni juisi? Kopo likadumu, shemeji akanisifia kuwa nimekuwa mama wa nyumbani. Nikafurahi kweli.

Mililita zilikuwa zinatimia, mnaona? Kama ungeniuliza mtoto anakunywa kiasi gani ningekujibu bila kusita: chupa nne, anamaliza zote.

Mtoto akaanza kulia sana mchana. Nepi zilikuwa zinalowa vizuri tu, maji si alikuwa anapata! (Kwa hiyo nepi ni shahidi mkweli kwa anayenyonya titi. Kwa chupa iliyotiwa maji mengi, nepi inadanganya, bora mizani.) Mashavu yakapungua. Majirani wakaanza kunong'ona, mwisho mmoja akasema waziwazi bombani: mtoto kabemendwa. Wakubwa mnajua maana yake, wadogo kaulizeni kwa bibi. Neno lile likamfikia mama mkwe wa dada, akafunga safari kutoka Kibaha akafika bila hodi, akamkalisha mwanawe na mkewe sebuleni akawasema saa nzima kuwa hawana subira, hawana haya, wanataka kumuulia mjukuu. Mimi niko jikoni nasikia kila kitu, natikisa chupa. Dada alilia usiku ule. Shemeji akahamia kulala sebuleni wiki mbili, na dirisha akaliacha wazi ili majirani waone.

Kliniki ya mwezi wa sita dada aliomba ruhusa, tukaenda wote. Mwezi uliotangulia mtoto alikuwa na kilo 5. Nesi akaweka kwenye mizani: 5.1. Gramu 100 kwa mwezi mzima, wakati wenzake wa umri ule wanaongeza gramu 600, 700. Nesi, mama wa makamo, hakugomba. Akauliza, "Mchana anakaa na nani?" Dada akanionyesha mimi. "Haya, mama mdogo, chupa unachanganyaje?"

Nikadanganya. Nikasema vijiko vinne.

Akaangalia kadi, akaniangalia, akasema kopo tunalo? Tulikuwa nalo kwenye mkoba, pamoja na chupa ya chai ya maji ya moto. Akaniambia, "Mtoto ana njaa huyu, mchanganyie hapa tumpe." Nikaanza. Mkono ukafanya ulichozoea. Viwili, nikafunga chupa, nikatikisa. Hakuna aliyesema kitu. Dada alikuwa anaiangalia ile chupa tu.

Nesi alinieleza kwa sauti ya chini, na ninawapa na nyie kama alivyonipa. Mtoto wa kopo, baada ya wiki ya kwanza, anahitaji kama mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Wa kilo 4 ni 600, wa kilo 5 ni 750, wa kilo 6 ni 900, na mara chache inazidi lita moja. Lakini hizo ni mililita zilizochanganywa kama kopo linavyosema. Ukipunguza unga unamjaza tumbo bila kumlisha, na ukizidisha sana maji chumvi ya mwilini inashuka hadi anaweza kupata degedege. Ukizidisha unga nako ni hatari, figo zake changa hazimudu. Kijiko kile cha ndani ya kopo, kisawazishwe juu kwa kisu, usishindilie, usichukue cha kopo lingine maana havilingani. Maji yachemke, yapoe kidogo lakini yasizidi nusu saa, unga utiwe yakiwa bado ya moto, nyuzi 70 au zaidi, kwa sababu ule unga si kwamba hauna vijidudu. Halafu poza ndiyo umpe. Akibakiza, yakipita saa mbili mwaga. Najua inauma kumwaga.

Ndani ya daladala kurudi nyumbani dada hakunisemesha. Alimpakata mtoto, akatazama dirishani hadi Manzese. Tulipofika akaniambia maneno machache tu: "Ungeniambia kwamba kopo linasemwa, ningeliacha."

Akina kaka, ile hesabu ndiyo hii. Kopo la gramu 400 linatoa kama lita tatu za maziwa. Mtoto anayetegemea kopo peke yake, anayekunywa mililita 800 kwa siku, analimaliza kabla ya siku nne. Ni kama makopo manane kwa mwezi. Bei unaijua mwenyewe, zidisha. Ukisharidhia wifi aseme "mnunulie ya kopo", ujue umesaini hiyo mikataba, na usije ukaguna likiisha Jumatano. Ukiguna, kuna mtu jikoni ataongeza maji.

Sisi hatukuweza makopo manane. Nesi ndiye aliyemfundisha dada kukamua. Mikono safi, chombo kilichochemshwa chenye mfuniko, unaminya nyuma ya ile sehemu nyeusi, si chuchu yenyewe, bila haraka. Siku ya kwanza alipata mililita 30 akataka kuacha. Siku ya kumi alikuwa anapata 100 kwa mkao mmoja. Mama anayekosekana saa kama kumi aache milo mitatu minne ya mililita 90 hadi 100, yaani jumla 300 hadi 400. Dada yeye alikuwa anakosekana saa kumi na mbili, kwa hiyo alikuwa analenga 400. Alfajiri kabla ya kuoga, usiku kabla ya kulala, na dukani alijificha nyuma ya majora ya vitenge saa ya chakula. Bosi alidhani anakwenda kuswali.

Tatizo likawa friji. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa saa nne nje kama kuna ubaridi wa nyuzi 25, na Dar yetu hiyo unaipata wapi? Hapa ni kuyawahi mapema zaidi. Kwenye friji yanakaa siku nne, ukiyaweka ndani kabisa, si mlangoni. Yakiganda yanakaa miezi. Ukishayayeyusha kwenye friji yatumike ndani ya saa 24 na yasirudishwe kuganda, na kuyapasha ni kuweka chombo kwenye maji ya uvuguvugu, hayachemshwi. Sisi friji hatuna. Mwenye friji alikuwa mama mwenye nyumba, anauza barafu za ukwaju. Dada alikwenda kumuomba, yule mama akashika kichwa: "Maziwa ya mtu! Kwenye friji langu! Na wateja je?" Akakubali baada ya siku mbili, kwa masharti kwamba vikae ndani ya mfuko mweusi na mimi nivifuate wakati hakuna mtu uani. Siri ilidumu wiki. Wateja watatu wa ukwaju wakahama, mmoja akarudi.

Chupa nayo tuliacha. Nesi alisema kikombe kidogo ni rahisi kuosha, chuchu za chupa zinaficha uchafu kwenye kona. Mtoto anakaa wima, kikombe kinagusa mdomo wa chini, anakunywa mwenyewe kwa kulamba, usimmiminie. Wiki ya kwanza alilowa kifua chote, na mimi pia. Kliniki ya mwezi wa saba alikuwa na kilo 5.8.

Kuhusu ya ng'ombe, ambayo wifi wa Temeke ameyataja: kwa mtoto wa chini ya miezi sita, hapana. Yale ni ya ndama. Yana protini na chumvi nyingi kuliko figo za mtoto zinavyoweza, madini ya chuma ni kidogo, na yanaweza kuukwaruza utumbo ukavuja damu kidogo kidogo bila wewe kuona. Kuyachanganya nusu kwa nusu na maji hakuyafanyi kuwa ya mtoto, kunayafanya kuwa maji. Maji matupu nayo bado, hata Februari Dar inapowaka. Kiu ya mtoto inamalizwa na titi, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Dawa ya chango, maji ya sukari, vyote viache nje ya kinywa chake mpaka miezi sita, isipokuwa dawa aliyoandikiwa na mganga wa hospitali.

Na kuna mama anasoma hapa akiwa anaishi na virusi vya UKIMWI, anadhani haya hayamhusu. Yanakuhusu. Ukiwa unameza ARV zako kama ulivyoelekezwa, unamnyonyesha maziwa yako tu miezi sita, halafu unaendelea pamoja na chakula hadi angalau mwaka, na unaweza kufika miaka miwili. Mtoto naye ana dawa zake za kinga. Yote hayo yapange na kliniki yako, si na jirani.

Akitimiza miezi sita ndiyo chakula kinaanza, ila maziwa hayastaafu. Kuanzia hapo hadi mwaka mmoja nusu au zaidi ya nguvu yake bado inatoka kwenye maziwa. Anaanza na vijiko viwili vitatu, mara mbili au tatu kwa siku, akifika miezi tisa anakula nusu bakuli dogo mara tatu hadi nne, na titi kila akitaka. Wa kopo anateremka kwenye kama mililita 600 kwa siku kwenye miezi saba hadi tisa, halafu 400 hivi mpaka mwaka. Baada ya mwaka maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa ruksa.

Lakini huo uji, jamani. Nimeona watu wanapika uji wa mahindi mwepesi kama chai, wanatoboa chuchu ya chupa kwa sindano ya moto ili upite. Ni kosa langu lile lile, limebadilisha nguo tu. Uji wa mtoto ukiuinamisha kwenye kijiko usitiririke. Tia karanga zilizosagwa laini, yai, dagaa waliotwangwa, maini kidogo, maana akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo ndiyo inakwisha wakati huo.

Mtoto mwenyewe sasa yuko shule ya msingi, mnene, ananiita mama mdogo kwa sauti ya kuamrisha. Bibi yake wa Kibaha hadi leo anaamini alipona kwa sababu baba yake alilala sebuleni. Hakuna aliyemrekebisha. Mimi ndiye ningepaswa, na kila akija Idi nasema mwakani.

Haya dada wa Temeke, jibu lako. Wa kwako ananyonya titi tu, ana miezi miwili na nusu, kwa hiyo huna mililita za kuhesabu. Wifi yako mrudishie kikombe chake. Kuanzia kesho alfajiri mpaka keshokutwa alfajiri vaa moyo, mfungie mtoto nepi za kitambaa, hesabu zilizolowa. Zikiwa sita au zaidi, na kadi yake inapanda, maziwa yako yanatosha, mwambie na mumeo kwa maneno hayo hayo ukiwa umeshika kadi. Zikipungua hapo, au mtoto akawa amelegea, hataki kunyonya, au uzito umesimama, usiniandikie mimi, nenda kliniki siku hiyo hiyo wakuangalie unavyomshika na anavyoshika titi, maana mara nyingi tatizo linakaa hapo. Kama mambo ni shwari, ndiyo uniandikie umepata nepi ngapi.